Kiti cha Nyuma cha Gari la Mbao

Barazani kwangu hapa Same kuna kivuli, kuna soketi ya kuchajia simu, na kuna mimi. Vijana wa bodaboda hufuata viwili vya kwanza. Mimi huwa nipo tu, kama benchi. Sitoki. Mke wangu husema siku nikifa watu watachelewa kugundua, kwa sababu nitakuwa nimekaa palepale.

Juzi mchana, upepo ukiokota vumbi la barabara kuu na kutugawia, vijana walikuwa wameinamia simu moja, vichwa vimegusana. Nikadhani ni mpira. Kumbe ni gari. Gari la mbio la kampuni moja ya Ulaya, umbo jipya, bado halijatoka. Limepigwa picha likijaribiwa, nalo limevishwa michoro ya pundamilia mwili mzima ili watu wasijue lilivyo.

"Ona hapo nyuma, bawa wameliinua. Kwenye kona hili halinyanyuki."

"Bawa urembo, bwana. Wewe niambie uzito. Wamepunguza, hawajapunguza?"

"Wamepunguza. Nasikia viti vya nyuma wameving'oa."

"Sasa abiria utambeba wapi?"

"Kwenye mbio unabeba abiria wa nini? Unadhani hapo ni stendi?"

Wakacheka, kisha mmoja akanigeukia. "Shikamoo mzee. Wewe unaonaje, litashinda hili?"

"Marahaba," nikasema, mawazo yameshanipeleka mbali. Niliposikia viti vya nyuma vimeng'olewa, nililishika tumbo langu, nalo si dogo. Nilirudi kuwa mtoto wa shule ya msingi kule Kighare, kijijini kwetu, nimeshika ndoo tupu, nikisikia habari hiyohiyo.

Rafiki yangu, kama hukukulia milimani ngoja nikueleze. Kwetu Kighare barabara haikuwa inakwenda, ilikuwa inaanguka. Ilianza juu karibu na karakana ya jirani yetu seremala, ikapita kanisani, ikajipinda kwenye migomba ambako jua halikufika na ardhi haikukauka, ikavuka daraja la mbao, ikatulia uwanjani kwenye gulio. Asubuhi ukungu ulikuwa umeilalia, na ungesikia mtu anakohoa huko chini usimwone mpaka akusalimie. Jikoni moshi wa kuni, nje harufu ya maganda ya kahawa yanayochacha. Nikifumba macho hapa Same, kwenye joto hili, hiyo harufu huja mpaka barazani, ikakaa kidogo, ikaondoka bila kuaga.

Kila kitongoji kilikuwa na gari lake la mbao. Usicheke. Lilikuwa gari. Magurudumu ya gogo la mkaratusi lililokatwa vipande kama muhogo, ekseli ya mti, usukani wa kamba, breki ya kipande cha tairi unachokikanyaga huku ukimwomba Mungu. Siku za kawaida lilibeba ndizi, majani ya ng'ombe na madebe ya maji. Kwenye ekseli tulipaka parachichi lililoiva kupita kiasi. Gari kavu lilipiga kelele kama nguruwe anayefukuzwa. Gari lililopakwa lilivuma tu, sauti nene ya kifuani, na nzi walilifuata kwa heshima.

Dada yangu ndiye aliyekuwa dereva wa kitongoji chetu. Mwembamba, miguu mirefu, haogopi kitu. Mimi nilikaa kiti cha nyuma. Kazi yangu ilikuwa kuwa mzito, na katika hilo nilikuwa na kipaji. Tukifika kwenye kona dada alipaza sauti, "Lala!" nami nikalala upande wa ndani kama gunia, na gari likashika njia. Hakuna jambo lingine duniani ambalo kwalo nilihitajika. Mpira nilikuwa naambiwa nikalinde nguo. Kwenye kwaya nilisimamishwa mstari wa nyuma na kuombwa nifungue mdomo bila kutoa sauti. Lakini kwenye kiti kile, jamani, mimi nilikuwa mtu.

Mbio zilikuwa mara moja tu kwa mwaka, na aliyezipanga hakuwa mtu, ilikuwa ni msaragambo. Kabla ya mvua za vuli watu wazima wote walitoka na majembe na mabeleshi kuitengeneza barabara kwa pamoja, kuziba mashimo, kuzibua mifereji. Akina mama walileta makande kwenye masufuria makubwa. Jioni ile barabara ilikuwa laini kama uso wa bwana harusi, na ilikuwa haina muda mrefu, mvua ya kwanza tu inaichana. Kwa hiyo msaragambo ukiisha, kabla lori la mtu yeyote halijapita, watoto tulishindana: kitongoji chetu na kile cha ng'ambo ya mto.

Mwaka uliotangulia tulishindwa. Gurudumu la nyuma lilipasuka darajani, na sitaki kuzungumzia lilikuwa chini ya nani. Watoto wa ng'ambo walituimbia wimbo wa gurudumu hadi Krismasi, na ubeti mmoja ulikuwa wangu peke yangu.

Basi seremala akatangaza, amesimama mlangoni na kalamu ya risasi sikioni, kwamba safari hii analibadilisha gari lote, kuanzia pua hadi mkia. Alikuwa mtu wa milango na mabenchi ya kanisa, mpole, mwenye goti bovu. Alipotangaza hayo akaning'iniza magunia ya kahawa kuzunguka karakana yake, na wiki zikapita tukisikia randa tu, shwaa, shwaa, na kunusa maranda mabichi.

Hapo ndipo tulipogeuka wataalamu. Kwenye mfereji wa maji, ndoo zimejaa na zinamwagika, hakuna aliyekumbuka nyumbani. Mmoja ameona pua kupitia tundu la gunia, imechongoka. Mwingine anaapa magurudumu ni membamba. Mwalimu wetu wa hesabu, aliyepanga nyumba ng'ambo ya mto na kwa hiyo hatukumwamini, alichora mteremko ubaoni na kutuuliza gari lipi litatangulia kufika, zito au jepesi. Darasa zima likaniangalia mimi.

Kisha ikaja ile habari. Dada alirudi kutoka mferejini, akatua ndoo, akasema bila kuniangalia, "Nasikia ni la mtu mmoja."

"La mtu mmoja vipi?"

"Kiti kimoja. Wanasema uzito ulituponza."

Usiku ule sikugusa makande. Kesho yake nikaacha uji. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba nikipungua, seremala ataniona, atanihurumia, atapigilia japo kibao kidogo huko nyuma. Bibi, aliyetulea, aliuinua uso wangu kwa kidole akanikagua kama anayenunua mbuzi.

"Huyu ana minyoo au ana mchumba?" akauliza.

"Ana gari," dada akamjibu.

Wiki haikuisha, mferejini ikaja habari nyingine: pua ile ndefu inataka uzito nyuma, la sivyo gari litabinuka kwenye kona ya kanisa. Nikarudi kwenye makande kwa nguvu zote. Nilikula changu, nikala cha dada, nikakwangua sufuria mpaka bibi akaniambia niache basi, chuma hakiliwi. Halafu uvumi ukageuka tena, nami nikageuka nao. Nilinenepa na kukonda msimu ule kulingana na maneno ya watoto wa mferejini, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia karakana.

Siku ya msaragambo ilikuwa ya ukungu mwepesi. Wazee walichimba wakitaniana, tukala, tukalamba vidole. Ndipo seremala akaondoa magunia.

Lilikuwa zuri, rafiki yangu. Jembamba kama ganda la njegere, pua imechongoka, mbao zimesuguliwa hadi zinateleza, magurudumu mapya yamevishwa mpira wa ndara. Watu wazima walisogea karibu. Mtoto mmoja wa ng'ambo alisema "Mama yangu!" kisha akajuta. Nililizunguka mara moja. Nikalizunguka tena, kwa sababu labda sikuangalia vizuri. Nyuma ya kiti cha dada kulikuwa na ubao ulioinuliwa kidogo, umepigwa randa, hauna mahali pa kukalisha hata kuku.

"Na mimi?" nikauliza, mbele ya watu wote, ndivyo nilivyokuwa.

Seremala aliegemea mlango, akaupumzisha mguu wake. "Wewe mwaka jana nilikuangalia kuanzia hapa. Ulifumba macho kabla ya kanisa, na nasikia ulifumbua darajani mlipoanguka. Mwanangu, gari haliwezi kubeba mtu anayesali njia nzima."

Kicheko kilichozuka pale naamini kilifika Mwanga mjini. Bibi naye alicheka, mkono mdomoni, akijifanya anakohoa. Nililia. Sitaficha, maana waliokuwepo wengine bado wako hai. Lakini ndani ya kilio kile, katikati kabisa, kulikuwa na kitu kidogo cha baridi na kitamu kama maji ya mferejini: safari hii sishuki ile kona ya kanisa.

Wenzangu wote walikimbilia chini kuona mwisho wa mbio. Seremala hakuweza kushuka kwa sababu ya goti, akakaa kwenye benchi lake la kazi, akalipiga kwa kiganja. "Kaa hapa. Tutaliona vizuri kuliko wao."

"Tutaliona wapi, na ukungu huu?"

"Nyamaza uone."

Filimbi ikalia. Magari mawili yakapita mbele yetu, dada ameinama, kitambaa cha kichwa kimemwacha, ukungu ukawameza. Sikuona kitu tena. Lakini mlima ulikuwa kimya, kimya cha wakati ule ambacho sijui nikupimie kwa kipimo gani, na barabara ikaanza kusema. Changarawe, krrr, kali. "Kanisani," seremala akanong'ona. Kisha sauti ikashuka, ikawa laini, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. "Wameingia kwenye migomba. Huyo anayevuma chini chini ni wetu. Yule mwingine parachichi limemwishia, sikia anavyolia." Nikasikia. Wallahi nilisikia! Niliona migomba inavyopita, niliona mgongo wa dada, niliona yote ambayo miaka yote nilikuwa nimeyapita macho yamefumbwa. Mbao za daraja zikanguruma. Kisha pakawa hakuna kitu.

Seremala aliushika mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa kimejaa maranda. Vigelegele vikalipuka bondeni, lakini vya nani? "Ngoja," akasema. "Anayeshinda hupanda akiimba."

Tukangoja. Ukungu ulikuwa unapanda pamoja na watu, polepole, na wimbo ukaja ndani yake vipande vipande, hadi nikaitambua sauti ya mbele, iliyokauka, isiyojali noti wala mwalimu wa kwaya. Ya dada.

Mimi nilirukaruka. Seremala alikuwa ameshaanza kuwaza mbali. "Ile pua imegusa mahali kwenye migomba," alisema. "Mwakani nitaipandisha."

Miaka iliyofuata sikuomba tena kiti. Kila msaragambo nafasi yangu ilikuwa benchini, na watu walipopanda wakiimba nilikuwa nawasimulia mbio zao wenyewe kuanzia juu hadi chini, wakibisha. Nadhani ndipo nilipojifunza kukaa, na kama unavyoona nimekuwa hodari.

Mwaka jana dada, aliyeolewa Arusha, alinunua gari la kweli. Yule aliyeshuka mlima kwa kipande cha tairi leo anaendesha kama amebeba mayai, na mkanda anafunga hata gari likiwa limezimwa. Alikuja kunitoa barazani kwa nguvu, akanifungulia mlango wa mbele. "Haya, panda," akasema. "Na kiti nimekusogezea nyuma kabisa, najua mambo yako." Tukapanda hadi Kighare. Kwenye kona kali wamemwaga zege, daraja ni la saruji, na barabara inatengenezwa na greda la halmashauri, dereva wake peke yake, hana wa kumtania. Karakana haipo. Seremala alishatangulia, na pale benchi lilipokuwa kuna mahindi ya mtu nisiyemjua.

Dada alizima injini, akashusha vioo. Tulikaa, kila mtu kwenye kiti chake, tukitazama mbele ambako barabara inaangukia, kama watu walioahidiwa kitu.

"Haya, mtaalamu," akasema. "Unasikia nini?"

"Bodaboda."

"Na baada ya bodaboda?"

Nikainamisha kichwa, nikasikiliza kwa uangalifu wote niliofundishwa.

"Bodaboda nyingine."

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Kisha hakuna aliyewasha gari. Tuliendelea kukaa pale, tukisubiri bodaboda zote zipite, labda baada ya hapo pangekuwa na kimya kidogo.