Tulidhani Anatania

Mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka stesheni ya Tura, tulipimiwa majaruba ya mpunga bondeni, kila mtu na lake, katikati tuta la udongo. La dada yangu mkubwa lilipakana na langu. Dada alikuwa mjane, binti yake wa pekee ameolewa Itetemia, na mpunga wa jaruba lile ndio uliokuwa chakula chake cha mwaka mzima. Upande wake wa pili alikuwapo mtani wetu, Mzaramo aliyestaafu kazi ya reli akaoa huku.

Mtani kwetu hakasirikiwi. Akikuta kuku wako uani anamkamata, akikuta kofia yako anaivaa, na siku ukifa yeye ndiye anayeingia kaburini na kulala humo, hatoki mpaka apewe kitu. Mambo haya ni ya tangu babu zetu wabeba mizigo walipokuwa wanapita hapa hapa Tura kwenda pwani na kurudi.

Msimu wa kwanza dada alikuja kwangu asubuhi, shikamoo yangu akaiitikia nusu.

"Yule amesogeza tuta."

"Nani?"

"Mtani wako. Hatua nzima."

Nikamwendea yule bwana, nikamkuta barazani na wenzake.

"Wewe Mzaramo, umekula ardhi ya dada yangu."

"Ardhi? Nyinyi Wanyamwezi kazi yenu kubeba mizigo. Ardhi mtaibeba kichwani? Nimempunguzia mzigo mama wa watu."

"Nanyi jembe mnalishika kama fimbo ya ngoma."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ila nilimtazama machoni, na macho yake yalikuwa yananipima. Macho ya namna ile nayajua. Nimeyaona vitani.

Jeshini sikwenda kwa hiari. Karani wa mtemi aliliandika jina langu, mtoto wa kiume peke yangu kwa baba, ili idadi aliyotakiwa na bwana shauri wa Mwingereza itimie. Huyo namtaja kama mkosaji wa kwanza, ingawa kosa lake ni dogo. Tukapelekwa Uhabeshi kumfukuza Mtaliani. Mwenzangu kutoka Ipuli, tuliyekuwa tunakula naye sahani moja, nilimfukia kwa mikono yangu kwenye mlima wa mawe, na shimo halikuwa refu. Siku chache baadaye tulipumzika penye nyumba iliyoungua. Mzee mwenye nyumba akaongea na mkalimani wetu, nami nikauliza anasema nini.

"Anasema Mtaliani alipoingia kwao, miaka mitano na zaidi iliyopita, mfalme wao alikwenda mwenyewe kwenye baraza la mataifa huko Ulaya kushitaki. Wakamsikiliza, halafu wakanyamaza. Anauliza nyinyi mlikuwa wapi."

Mimi nilikuwa Tabora nachunga mbuzi. Lakini Mwingereza alikuwapo kwenye baraza hilo, na Mfaransa alikuwapo. Tangu siku ile sikuwaamini tena. Mjapani alikuwa amekwisha mega China, wakanyamaza. Mtaliani akala Uhabeshi, wakanyamaza. Mjerumani akatazama hawa wawili wamekula na hawakufanywa kitu, akaanza na majirani zake. Waliposhituka, moto umeshika dunia nzima, na wakaja kutuchukua sisi kuuzima.

Kwa nini walinyamaza? Nilichukua miaka mingi kulielewa. Walikuwa wamekalia vya watu. Tabora yetu alikuwa nayo Mjerumani, akanyang'anywa na Mwingereza, na hakuna aliyemwuliza Mnyamwezi. Mtu wa namna hiyo atasimamaje barazani amwite mwenzake mwizi?

Maneno haya niliyasema kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa kijana mdogo, ametoka Tabora mjini, mtu wa heshima. Aliandika ubaoni kwamba vita kuu ilianza mwaka wa thelathini na tisa.

"Uongo," nikasema.

"Mzee, ndivyo kitabu kinavyosema."

"Ilianza zamani. Huo ni mwaka ilipoungua nyumba ya aliyeandika kitabu."

Darasa likacheka. Mtani wangu alikuwa dawati la nyuma. "Mwalimu, mwache. Huyo alikwenda vitani kubeba masufuria."

Msimu wa pili tuta likasogea tena, hatua tatu. Dada akalia mbele yangu. Nikaenda kwa katibu wa kijiji. Katibu alinikaribisha chai, akasema, "Mzee, hayo si ya mtani wako? Mtayamaliza kwa kucheka." Nikamshuku. Nikapita shambani kwake wakati yeye yuko ofisini, nikaona tumbaku yake imevuka kisiki kilichowekewa alama siku ya kupima. Nikajua huyo hatamgusa mtu.

Basi nikalipeleka shauri kwenye mkutano wa kijiji. Nilisimama nikaeleza yote, jaruba la dada na Uhabeshi pamoja. Watu walikuwa wananisikiliza. Hapo mtani akanyoosha mkono, amevaa kofia aliyoninyang'anya mimi.

"Mwenyekiti, mtani wangu amesema vizuri. Sasa atueleze na lile tuta lake la upande wa pili, kwa yule mgonjwa."

Kicheko kilichotoka pale sikisahau. Maana ilikuwa kweli. Jirani yangu wa upande ule alikuwa amelazwa Tabora tangu masika, nami nilisogeza tuta letu. Si sana. Nilijiambia ninalinda udongo usibebwe na maji, na kwamba nisipochukua mimi atachukua mwingine. Kila anayesogeza mpaka anasema hivyo hivyo. Nilikaa chini. Mkutano ukaendelea na habari za mbolea. Dada alikuwa upande wa wanawake, ananitazama.

Msimu wa tatu mtani hakuacha hata nusu ya jaruba. Hapo wanangu wawili wakachoka kucheka. Walikwenda asubuhi kung'oa mpunga alioupanda ndani ya eneo la shangazi yao. Mtani akaita wenzake wa reli. Wanangu wakaita vijana wa rika lao. Mwenye shamba la chini akaingia kwa sababu maji yake yamekatwa, shemeji yake akaingia kwa sababu ya shemeji. Hadi jua linakuwa kali, watu wanaopigana bondeni wengi wao hawakujua tuta linalogombewa ni lipi. Mwanangu wa pili alikatwa panga la mkono. Vidole vitatu havikunji mpaka leo.

Polisi walikuja kutoka Tabora. Katibu akatoa uamuzi wake, sasa mkali kama simba: jaruba la dada na la mtani yote mawili yachukuliwe, yaunganishwe kwenye shamba la kijiji. Mtani alikuwa na mahali pengine pa kulima. Dada hakuwa napo.

Wakosaji nawataja. Mtani, aliyetwaa. Katibu, aliyenyamaza kulinda tumbaku yake. Na mimi, niliyejua mapema kuliko wote mambo haya yanakokwenda, nikafungwa mdomo na hatua mbili za udongo wa mgonjwa.

Dada alifunga vyombo vyake aende Itetemia kwa binti yake. Nilimbebea mzigo mpaka stesheni. Treni ilipoingia nikamwambia, "Dada, usiende. Nitakumegea langu, ulime nusu."

"Lipi?" akauliza. "Lako, au la mgonjwa?"

Akapanda. Nikamwinulia mzigo, akaupokea dirishani.