Roboti ya Nadège yafika Butembo kabla yake

Jumapili, saa nane mchana. Kuta za chumba zinatoka jasho, kama kawaida ya mwezi wa tatu hapa Guangzhou, na Nadège Masika anawafunga watoto macho kwa vitambaa vyeusi.

Watoto ni wanne. Wameketi sakafuni kuzunguka beseni la kuoshea mchele, na ndani yake kuna magurudumu, vyuma vyembamba vyenye matundu, mota ndogo kama kidole gumba, na skrubu ambazo Nadège amezikoroga kwa mkono kama mtu anayechambua maharage.

“Bon. Mikono tu,” anasema. “Macho yamelala.”

Mikono inaingia besenini.

“Hiyo ni ya kwangu, achia.”

“Imeandikwa jina lako?”

“Nimeishika kwanza.”

“Umeshika kidole changu.”

Wanacheka. Nadège anazunguka nyuma yao pekupeku, akiinama hapa na pale kutazama vidole vinavyotafuta tundu. Baada ya muda, kitu chenye magurudumu manne kinasimama katikati ya mkeka. Anakisukuma kwa kidole cha mguu, kinabiringika bila kuyumba. Hapo ndipo anapotabasamu.

Chumba hiki kilichoko Sanyuanli ni stoo. Upande mmoja katoni zimepangwa hadi darini, na upande wa pili kuna meza, ubao na mkeka uliochorwa mistari myeupe. Juu ya katoni moja limewekwa kombe, limevishwa mfuko wa nailoni lisipate unyevu.

Kombe hilo ni la mashindano ya roboti ya wanafunzi yaliyofanyika mjini hapa Novemba mwaka jana, 2007. Roboti iliyoandaliwa kwa ajili ya kulitwaa haikuwahi kuingia ukumbini. Siku ya mashindano ilikuwa baharini, ikielekea Mombasa.

Nadège ana umri wa miaka ishirini na mitano. Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, akasomea umeme katika shule ya ufundi, kisha akaja China miaka mitatu iliyopita akifuatana na shangazi yake aliyekuwa akinunua vitenge. Shangazi alirudi. Yeye alibaki kujifunza Kichina, na siku hizi ni mkaguzi wa bidhaa katika ofisi moja ya jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei.

Kabla redio, tochi na vigari vya kuchezea havijafungwa kusafirishwa, hupita mikononi mwake. Huviwasha, huvitikisa, huvisogeza sikioni. Vibovu huvitupa kwenye pipa la kurudishiwa laoban, kama wafanyabiashara wote hapa wanavyomwita mwenye duka. Mshahara wake ni yuan elfu mbili na mia tano kwa mwezi, na chumba anachoishi anakigawana na wasichana wengine wawili.

“Kila Jumapili nilikuwa naona batoto wamelala juu ya mizigo,” anasimulia. “Wazazi wao bado wanabishana bei. Nikasema, hawa si mizigo. Nikachukua kigari kibovu, nikakifungua mbele yao. Kesho yake waliniuliza tutafungua nini tena.”

Ndivyo timu ilivyoanza. Mwanzoni walifungua tu. Baadaye wakaanza kuunda. Mama mmoja Mkenya, Mwende, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo ghorofa ya chini ya Tianxiu, akawanunulia kompyuta ndogo ya kuongozea roboti, ambayo watoto waliiita ubongo. Binti yake Hannah, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye anayeiandikia amri.

Chumba kilitolewa na Floribert, mfanyabiashara wa Butembo anayepeleka vyombo na vifaa vya shule nyumbani kupitia Mombasa. Alikitoa kwa sababu mwanawe Bienfait alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikitoa pia kwa sharti.

“Nilimwambia wazi,” Floribert anasema. “Mademoiselle, miye ni mtu wa mizigo. Mashindano ya Novemba yakipita bila kitu cha kuonyesha, chumba kinarudi kwa sahani na vikombe. Mchezo ni mzuri, lakini mchezo haulipi pango.”

Nadège alikubali. Alijua hakuna chumba kingine. Wenye nyumba walishawafukuza mara kadhaa kwa sababu ya kelele, na mtoto hawezi kuunda roboti kwenye ngazi za jengo.

Kazi ya mashindano ilikuwa kupakia. Roboti ilitakiwa kubeba vipande vya mbao vya ukubwa mbalimbali na kuvipanga ndani ya sanduku, na alama zilitolewa kwa kuvipanga bila kuacha nafasi. Watoto wa Xiaobei walipoisikia kazi hiyo waliangaliana. Wamekua wakiwatazama wazazi wao wakijaza makontena.

“Niliwaambia kitu kimoja tu,” anasema Nadège. “Hewa pia inalipa nauli. Ukiacha pengo, umesafirisha hewa.”

Kanuni nyingine ilimsumbua zaidi. Siku ya mashindano mwalimu hukaa nyuma ya mstari wa manjano, na haruhusiwi kugusa hata skrubu. Kwa hiyo akaanzisha zoezi la vitambaa vyeusi.

“Mikono yao lazima ijue bila miye,” anaeleza. “Na mkono unajua vizuri pale jicho linapoacha kuuingilia.”

Mashindano yalikuwa Jumapili. Ijumaa jioni walipeleka roboti Tianxiu, ili kesho yake gari la Mwende liichukue pamoja na timu kwenda kufanya mazoezi ukumbini. Bienfait, mwenye miaka kumi na miwili, alipewa kazi ya kuifunga. Aliifunga kama alivyofundishwa nyumbani. Akaizungushia mapovu ya plastiki, akaitia kwenye katoni, akaibana kwa utepe pande zote, akaiweka kwenye korido nje ya mlango wa ofisi ya Mwende.

Jumamosi asubuhi katoni haikuwepo.

Nadège aliulizia kila ofisi ya ghorofa ile. Kisha akachuchumaa mbele ya Bienfait.

“Uliifunga vizuri?”

“Vizuri kabisa, yaya Nadège,” alijibu. Yaya kwao ni dada mkubwa.

“Uliandika kitu juu yake?”

“Niliandika alama.”

“Alama gani?”

Mtoto akatazama viatu vyake. “Ya papa,” akasema, yaani ya baba yake.

Kila mfanyabiashara hapa ana alama yake ya mzigo, herufi chache zinazoandikwa kwa kalamu nene kwenye kila katoni ili ijulikane ni ya nani na inakwenda wapi. Katika nyumba ya Floribert, katoni isiyo na alama haijafungwa bado. Bienfait aliandika kwa mazoea, kama mtoto mwingine anavyoandika jina lake juu ya daftari. Na kwenye korido za Tianxiu, katoni iliyofungwa na kuandikwa alama haina maswali. Wabebaji waliokuwa wakijaza kontena la Floribert usiku ule waliiona, wakaisoma, wakaipakia.

Nadège alimpigia Floribert simu. Watoto walisimama kumzunguka, na sauti ya mzee ilisikika hadi nje ya simu.

“Kontena limeshapigwa lakiri, liko bandarini. Mule muko mizigo ya watu wengi, si yangu peke yangu. Likifunguliwa, meli inaondoka bila sisi. Hata kama ni mama yangu amefungiwa mule, ningemwambia, mama, tutaonana Butembo.”

“Sikuombi ulifungue, papa,” alijibu Nadège. “Nilitaka tu kujua iko wapi.”

Alipokata simu, Bienfait alikuwa ameanza kulia kimya kimya. Mwende, aliyekuwa amekuja na funguo za gari, alisimama mlangoni.

“Kwa hivyo roboti imepata visa ya kurudi nyumbani kabla yetu,” alisema. “Na haijapanga laini.”

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Hannah. Yeye alikuwa amekumbuka jambo. Akafungua mkoba wake wa shule, akatoa ubongo. Alikuwa ameuchomoa Ijumaa aende kurekebisha amri nyumbani.

“Mwili umesafiri, akili imebaki,” Mwende akasema. “Huyu sasa ni mfanyabiashara kamili. Nadège, sema unataka nini.”

Nadège alitaka pipa la vibovu. Mwenye ofisi yake alimruhusu kulichukua lote, na siku ile hawakwenda kufanya mazoezi ukumbini. Walimwaga kila kitu sakafuni. Vigari vilivyokuwa na antena iliyovunjika vilikuwa bado na mota nzima. Redio moja kubwa isiyotoa sauti ilikuwa na ganda imara. Watoto wakaifanya hiyo mwili, na namba za stesheni zikabaki mbele yake kama meno. Wakaipa jina la Redio.

Bienfait hakushika kitu mpaka Nadège alipomwita.

“Kuja hapa. Nani alikuambia kazi yako imekwisha?”

“Nimeiharibu, yaya.”

“Umeifunga vizuri na ukaandika alama inayosomeka. Itafika salama. Sasa nishikie hii.”

Jumapili, ukumbi ulijaa timu za shule zilizovaa fulana za rangi moja, na roboti zao zilikuwa safi zikimeta. Redio ilipowekwa mezani, watoto wa meza ya jirani walikuja kuitazama. Mmoja aliuliza kama inapata taarifa ya habari. Hannah alimjibu kwa Kichina kwamba inapata za michezo tu, na leo itatangaza matokeo.

Katika jaribio la kwanza, Redio ilizunguka mahali pamoja kama mbwa anayetafuta mkia wake. Mota moja ilikuwa na kasi kuliko nyenzake. Muda wa matengenezo ukaanza kuhesabiwa.

Nyuma ya mstari wa manjano, Nadège aliikalia mikono yake.

“Nilijua ni nini,” anasema. “Nilisikia kwa sikio. Lakini nikifungua mdomo, timu inatolewa. Nikaikalia mikono, nikauma ulimi. Miye sijawahi kusali vile.”

Watoto walimwaga mota za akiba mezani, wakawa wanaziwasha moja moja na kuzisogeza sikioni, kama walivyomwona yeye akifanya kila siku kazini. Hannah akapata inayolia sawa na ya upande wa pili. Tatizo likawa kuifunga. Mota ilikaa ndani kabisa ya ganda la redio, na tundu lilitosha mkono wa mtoto tu. Ukiingiza mkono, huoni kitu.

Hannah akamtazama Bienfait.

Mtoto aliingiza mkono hadi kiwikoni. Halafu, ingawa hakuna aliyemfunga kitambaa, akafumba macho.

Mwamuzi mmoja mwanamke alisogea karibu. Watoto wa timu jirani waliacha kazi yao. Bienfait alikuwa akinong’ona majina ya vitu anavyovigusa, waya, chuma, tundu, skrubu, na alipoutoa mkono ulikuwa umechubuka na mtupu. Skrubu zote zilikuwa zimebaki mahali pake.

Redio ilikwenda moja kwa moja. Ikabeba kipande kikubwa kwanza, ikakisukumia kwenye kona. Ikabeba vidogo, ikavijaza kwenye mapengo. Kipande cha mwisho kilipoingia kwa kujibana, sauti ya mzee ilitoka nyuma ya ukumbi kwa Kiswahili, “Hakuna hewa.” Alikuwa Floribert, na suti yake ya kanisani, mikono nyuma.

Timu ya Xiaobei ilishika nafasi ya kwanza katika kundi la umri wao.

Yule mwamuzi alikuwa na swali kabla ya kombe kutolewa. Aliuliza nani amewafundisha kufanya kazi wakiwa wamefumba macho. Watoto wote wakaelekeza kidole nyuma ya mstari wa manjano. Waamuzi waliinamiana kwa muda, kisha kikatangazwa cheti cha mwalimu kijana bora wa mashindano, na msichana anayekagua redio Tianxiu akabaki ameketi, akiangalia mstari ulio mbele ya miguu yake.

“Sikujua kama naruhusiwa kuuvuka,” anasema, akicheka na kujifunika mdomo.

Bienfait na Hannah walikuja kumshika mikono, wakamvusha.

Floribert alimngoja mlangoni. Aliyosema siku ile anayarudia leo bila kuombwa. “Nilimwambia, mademoiselle, chumba kibaki. Sahani zitalala kwangu. Na yule mtoto, miye nilidhani namjua.”

Hadithi ingeweza kuishia hapo, lakini mwezi wa kwanza simu ililia kutoka Butembo. Patrice, mdogo wake Floribert, alikuwa amepokea mizigo na kufungua katoni moja asiyoielewa.

“Kaka, hii mashine ya magurudumu ni ya nini? Watu wanaiulizia. Niiuze ngapi?”

Floribert akampa Nadège simu, naye akamgeukia Bienfait. Alimwambia roboti ni yake kuiamulia, kwa kuwa ni yeye aliyeisafirisha. Mtoto alifikiri, akauliza kama Butembo kuna watoto wenye roboti. Nadège akasema hakuna anaowajua.

“Basi isirudi,” akasema Bienfait.

Tangu wakati huo, kila Jumamosi wanafunzi wa shule ya ufundi aliyosoma Nadège hukusanyika kwenye duka la Patrice. Wameshaifungua roboti na kuiunda tena, wakiwa wamefumba macho, kwa maelekezo ya simu kutoka Guangzhou. Kinachokosekana ni ubongo.

Mchana huu, vitambaa vikishavuliwa, katoni ndogo inawekwa juu ya meza ya Sanyuanli. Ndani yake kuna kompyuta iliyonunuliwa kwa michango ya wafanyabiashara wa Tianxiu, Wakongo na Wakenya. Itaondoka na kontena lijalo. Nadège mwenyewe anapanga kwenda Butembo mwezi wa nane, likizo yake ya kwanza tangu afike China, akaiwashe mbele ya timu yake ya pili.

“Ndoto yangu ni hizi timu mbili zikutane ukumbi mmoja,” anasema. “Miye nitakaa nyuma ya mstari, sitajua nimshangilie nani.”

“Utatushangilia sisi,” Hannah anamwambia.

“Tutaona. Wale wa Butembo wana mikono.”

Bienfait amemaliza kuzungusha utepe. Nadège anaupitisha ukucha kwenye kingo zake, haunasi popote. Mtoto anafungua kalamu nene, kisha anasita na kumtazama.

“Alama ya papa?”

“Ya papa,” anasema Nadège. “Na leo andika kubwa.”