Ribiti za Saa Nne

Enid Garbutt alikuwa na mdomo, jamani. Kabla ya vita alishona mikanda ya kubana matumbo ya matajiri na wake zao pale Lincoln, Uingereza, na alipenda kusema kwamba wakubwa wote wa mji ule amewaona nusu uchi, kwa hiyo hakuna wa kumtisha. Vita vilipoingia, mjane wa miaka hamsini, akapelekwa karakana yetu ya kuziba ndege zilizorudi na matundu. Ndani ya miezi sita hakuna mwanamume pale aliyemfikia kwa kugonga ribiti.

Mimi nilikuwa mwenzake. Ribiti, vile vijisumari vinene vya kushikanisha mabati, zinataka watu wawili. Enid alikaa nje na nyundo ya upepo. Mimi nilijikunja ndani ya bawa, tochi mdomoni, nikikandamiza pande la chuma upande wa pili ili mkia wa ribiti ulale. Kwa kelele zile hatukusikilizana, basi tuliongea kwa kubisha bati. Mara moja, iko sawa. Mbili, rudia. Tatu, ing'oe.

Sasa jambo lenyewe. Ribiti zetu zilichomwa kwanza kwenye tanuri la chumvi iliyoyeyuka, zikazamishwa kwenye maji, ndipo zikalainika. Kuanzia hapo una saa mbili tu. Zikipita, zinakakamaa, ukizigonga zinapasuka, na kiraka chako ni cha kudanganyia macho. Ndiyo maana kila kopo liliandikwa kwa chaki saa lilipotoka. Siku ile ya Machi, mwaka wa arobaini na nne, tuliletewa ndege ya mabomu yenye tundu chini ya bawa, tundu la kupitisha kichwa. Ilitakiwa iruke saa kumi na moja jioni, na watu saba ndani.

Saa saba mchana ribiti zikatuishia. Nikakimbilia tanuri, nikakuta foleni. Nyuma yangu Bwana Stubley, msimamizi, anafoka, "Maud! Unajivuta kama bibi harusi! Ndege inakusubiri wewe?" Mezani kulikuwa na kopo moja limebaki, la saa nne asubuhi. Nikafuta kwa kidole gumba, nikaandika saa saba. Ndivyo nilivyofanya, na sikutumwa na mtu.

Enid akagonga ya kwanza, akasimama. "Mbona hizi zinagoma?"

"Umechoka tu, dada."

"Nichoke mimi? Labda mumeo. Haya, rudi huko tumboni."

Nikamulika tochi. Mkia wa ribiti ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikabisha mara moja. Ya pili nayo ina ufa, nikabisha mara moja. Mikono ilianza kunitoka jasho, chuma kikawa kinateleza. Nilijiambia bati ni kubwa, ribiti ni nyingi, nyingine zitashika. Nilijua naongopa.

Tulipokuwa kama kwenye ya arobaini, nyundo ikanyamaza, nikasikia sauti ya kijana huko nje. Alikuwa Ferriby, rubani wa ndege ile, amekuja kuiangalia.

"Mama, kitashika hicho kiraka?"

"Mwanangu, nimeshona mikanda iliyobeba matumbo ya madiwani na haikuachia. Itakuwa hiki?"

Watu wakacheka. Enid akagonga moja zaidi. Nikabisha mara tatu.

"Ipi?" Enid akapaza sauti.

"Zote," nikasema.

Nikatambaa kutoka, nikamnong'oneza yote. Nilingoja kofi. Kughushi saa ya ribiti wakati wa vita ilikuwa kesi ya jela, na nilikuwa na watoto wawili nyumbani, baba yao yuko Italia na jeshi. Enid akasema taratibu, "Nenda kanywe maji. Na mdomo wako ufunge."

Akamwendea Stubley. "Nilichukua kopo lililopita muda bila kuangalia saa. Ribiti arobaini na moja zinatoka."

"Una wazimu! Inaruka saa kumi na moja!"

"Basi iruke bila bawa. Chagua."

Alitukanwa mbele ya karakana nzima, naye hakujibu hata neno, yeye Enid! Ferriby na wenzake wakapewa ndege ya akiba iliyokuwa mwisho wa uwanja. Sisi tukatoboa ribiti moja moja, tukaanza upya, na kabla ya saa moja jioni kiraka kilikuwa laini, huwezi kukihisi kwa kidole.

Asubuhi tuliambiwa ile ya akiba haikurudi, wala wale saba waliokuwemo.

Wakati wa chai akaingia Cyril Tasker, fundi aliyekuwa akiitunza ndege ya Ferriby. Hakuwa amelala. "Nani aliyekosea ribiti jana?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Enid akanikanyaga mguu, akaweka chini mkate wake.

"Mimi."

Tasker akamwangalia. "Walikuwa wavulana wangu. Ndege yao wenyewe ingewarudisha," akasema, akaondoka.

Nikamshika Enid mkono, nalia, namwambia aniache niende nikaseme. "Ukisema watafufuka?" akanijibu. "Wanao wakale wapi? Nyanyuka, kuna bawa linatungoja."

Tangu siku ile Tasker na mafundi wenzake hawakumsalimia Enid hadi vita vilipokwisha. Alipita katikati yao kila asubuhi, mimi ubavuni mwake. Mimi walinisalimia, nami nikaitikia.