Kizingiti cha Mama Lianxiu

Fundi Yang Shengde alikuwa amewajengea Wadong wenzake wa kusini mwa China nyumba sitini na moja za mbao, bila msumari hata mmoja, na yeye mwenyewe akalala miaka arobaini chini ya paa linalovuja. Mkewe, Mama Lianxiu, aliacha kulalamika nyonga ilipoanza kumuuma. Sasa alilitazama tu hilo paa.

Mwaka huo hatimaye Yang alichonga nguzo zao wenyewe. Mpiga ramli akawapa siku ya kusimamisha nyumba, akaongeza kwamba ikipita hiyo, siku njema nyingine iko mwaka wa tatu. Yang alimtazama mkewe akipanda ngazi kwa kujivuta, akaingiwa na hofu. Mwaka wa tatu ulikuwa mbali.

Ramani haikuwepo. Vipimo vya nyumba nzima vilikuwa kwenye mwanzi mmoja mrefu, wenye alama za wino alizozisoma Yang peke yake. Siku tatu kabla ya siku hiyo, mwanzi haukuonekana.

"Mama Lianxiu, umeuona mwanzi wangu?"

"Ule mchafu? Nimeukata. Maharage yalikuwa yanalala chini."

Yang alikwenda bustanini, akapiga magoti, akaisoma nyumba yake vipande vinne katikati ya majani.

"Usiving'oe," mkewe alisema. "Na ukinikanyagia maharage, usije kunililia njaa."

Kilikosekana kipande cha chini, chenye alama ya kizingiti. Kilikuwa kifupi mno kwa maharage, kwa hiyo kiliivisha wali.

"Kipimo cha kizingiti kimeungua," Yang alisema.

Mama Lianxiu alivitazama vipande vya mwanzi. "Basi nimekuharibia nyumba."

Vizingiti vyote sitini na moja vilifika nusu ya muundi, ili bahati isitoke nje. Yang angeweza kuchonga kingine akiwa usingizini.

"Itabidi nipime upya," alisema. "Inua mguu."

"Upi?"

"Ule mbovu."

Uliinuka upana wa vidole vitatu. Akatia alama.

Siku yenyewe wanaume walivuta kamba, na nyumba ikasimama kabla ya mchana. Jirani yao, Shi Guangfu, alikitazama kizingiti.

"Umezeeka, Baba Lianxiu. Hiki hata kifaranga anavuka."

"Kipimo kiliungua," Yang alisema.

Mama Lianxiu aliingia wa kwanza, amebeba mtungi wa samaki waliochachushwa kwa mikono miwili. Hakushika mwimo wa mlango.