Uji Barazani kwa Mtendaji

Juzi nilimpeleka mwanangu kliniki, hapa hapa Tanga mjini. Nesi akamvisha ile kaptula ya mizani, mtoto akaning'inia hewani na kupiga mayowe, nami nikajikuta nacheka peke yangu. Wenzangu kwenye foleni wakanitazama. Wangejua kilichonijia kichwani wasingenishangaa. Ilinijia harufu ya karanga zinazokaangwa na moshi wa makumbi ya nazi, na nikamwona bibi yangu, leso kaifunga kiunoni, akikoroga uji mahali pasipopikwa uji.

Mtaa wetu ulikuwa pembeni mwa mji, njia ya kutokea kwenda Maramba. Ubavuni mwa ofisi ya kata palikuwa na chumba kimoja cha bati, sisi tukikiita Kwa Watoto. Halmashauri ilikijenga kwa ajili ya akina mama wasio na kitu. Kila Jumatano nesi alikuja kupima watoto, na wanawake wakapika uji kwa unga ulioletwa na halmashauri. Bibi hakuuamini ule unga mtupu. Alitia karanga alizozitwanga mwenyewe, kisha tui la nazi, akisema uji bila tui ni dawa, si chakula. Kazi yangu ilikuwa kuokota makumbi na vifuu vya kuwashia moto, na kumbeba mgongoni mdogo wangu. Baba alikuwa ameondoka na hakurudi. Mama alishinda kwenye shamba la mkonge, na mdogo wangu alikuwa mwepesi mno kwa umri wake.

Jumatano moja tukakuta kufuli.

Mtendaji wa kata alikuwa mgeni, hata mwezi hajamaliza. Akasema chumba kinahitajika kuwekea saruji ya kujengea ofisi, na wanaotaka huduma waende hospitali ya mjini. Mwenye nauli alikwenda. Wengi hawakuwa nayo. Walipomrudia aliwaambia wasubiri, suala lao linashughulikiwa. Wakasubiri. Mdogo wangu akaanza kuvimba miguu. Na mtoto wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kibinti kilichokuwa kikicheka kila kimwonapo bibi, akafariki tukiwa bado tunasubiri. Nakumbuka alivyobebwa kwenda kuzikwa, mikononi mwa mtu mmoja tu.

Watu walisema ni kazi ya Mungu. Bibi alikaa na mfiwa mpaka matanga yakaisha, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Kifo ni cha Mungu. Kufuli ni la mtu."

Jumatano iliyofuata alinitwisha kikapu cha makumbi, yeye akabeba sufuria. Wanawake wakaja, huyu na unga kidogo, yule na nazi, wengine na mawe ya mafiga. Hawakwenda kwenye chumba. Walipanda barazani kwa mtendaji, wakayapanga mafiga na kuwasha moto. Moshi ukaingia madirishani. Mtendaji akatoka anakohoa.

"Mama zangu, hapa ni ofisi ya serikali!"

"Twajua, mwanangu," bibi akamjibu bila kuacha kukoroga. "Na hawa ni watoto wa serikali hiyo hiyo. Karibu uji."

"Bibi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Njooni kwa utaratibu."

"Chetu hakiko mvunguni. Kiko ndani ya kufuli, na ufunguo unao wewe."

Mtendaji akamwita mgambo. Akaja baba wa mtu, kirungu mkononi, na wa kwanza kumwona pale chini alikuwa mkewe, mtoto wao mapajani, anampulizia uji. Mkewe hakuinuka.

"Haya, tuondoe," alimwambia. "Anza na huyu wako."

Yule bwana aliitazama ofisi, akamtazama mwanawe. Akaegemeza kirungu ukutani, akakaa. Bibi akamjazia kikombe.

Kesho yake tukarudi, na keshokutwa. Kila mwenye shida ofisini ilibidi ajipenyeze katikati ya watoto waliopakaa uji hadi masikioni, na kila mtu aliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza alijibiwa kwa sauti. Mwishowe alikuja diwani, na mtendaji mwenyewe akafungua kile chumba. Mifuko ya saruji ikatolewa. Nilidhani wanawake watapiga vigelegele. Hakuna aliyepiga. Jirani yetu, yule aliyezika mwanawe, alitangulia kuingia, akachukua ufagio, akaanza kufagia vumbi la saruji. Tukamwachia njia. Tangu siku hiyo ndiye aliyewapikia watoto wa wenzake, wala sikumwona akikosa.

Mdogo wangu alipona. Leo anatengeneza bajaji Usagara, na tumbo linamtangulia.

Kile chumba kimeshabomolewa, pamejengwa fremu za maduka. Bibi katangulia mbele ya haki. Siutamani umaskini ule urudi, usinielewe vibaya. Ninaowatamani ni wale wanawake. Nikisikia mtu akisema walikuwa ombaomba waliozoea kupewa, damu inanichemka. Hawakuomba. Walikifuata cha watoto wao mchana kweupe, wakakichukua. Siku hizi tukiambiwa subirini, tunavuta viti na kuchezea simu. Mimi huinuka nikauliza, mbele ya wote, tunamsubiri nani na kwa nini. Wananiita mkorofi.

Waniite.