Herufi za Chini ya Barua

Mama Chapa alichoka kabla sisi wengine hatujaajiriwa. Miaka ishirini na miwili alipiga chapa barua za meneja wa kiwanda chetu cha sabuni, kwanza kwa mashine ya utepe, kisha kwa kompyuta, na kiti kilikuwa kile kile. Ukimuuliza hali anakujibu, "Nipo," basi, kana kwamba hata "nzuri" ni mzigo.

Mdogo wake wa tumbo moja alifanya kazi chumba cha kuchanganyia dawa, bila glavu. Mwaka huo ngozi ya viganja vyake ilianza kubanduka, akawa hawezi kufunga hata vifungo vya blauzi; dada mtu ndiye aliyemvalisha kila asubuhi. Mara tatu Mama Chapa alimwomba meneja glavu, na mara tatu akaambiwa avute subira. Subira yavuta heri, wanasema. Pale kwetu ilivuta malengelenge.

Akaamua kulalamika idara ya kazi kupitia tovuti yao, bila jina. Ila kompyuta aliyokuwa nayo ni ya ofisini tu, na tovuti huona anwani ya intaneti ya kila anayeingia. Ikijulikana malalamiko yametoka ndani, kazi hana, na mdogo wake pia hana. Fundi wetu wa kompyuta akamwelekeza kwenye proksi, kompyuta ya mbali inayoingia tovuti kwa niaba yako.

"Ni kama kumtuma mtu dukani, dada," alimwambia. "Mwenye duka anamwona aliyetumwa. Wewe uko zako nyumbani."

Basi akayapitisha malalamiko yake kwenye proksi ya nchi ambayo hata bendera yake haijui. Aliandika ukurasa mzima sisi tukiwa tumeenda kula, aya zimenyooka, akautuma, akarudi kwenye barua za meneja. Siku hiyo nilimwona akitabasamu. Sikumbuki siku nyingine.

Wiki mbili baadaye meneja alimwita, nami nilikuwa mle ndani nikipanga mafaili. Mezani palikuwa na nakala kutoka idara ya kazi. Haikuwa na jina, na anwani yake ilikuwa ya ng'ambo. Lakini chini kabisa, kushoto, vidole vyake vilivyozoea vilikuwa vimepiga alama ya wapiga chapa: herufi za jina la mwenye barua kwa kubwa, za mpiga chapa kwa ndogo. Ng'ambo yote ile alikwenda bure.

Meneja aliweka kidole pale. "Hizi kubwa ni zangu. Hizi ndogo ni za nani?"

Hakuwa anatania. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitia sahihi juu ya herufi zile zile. Hasira ilinipanda mimi, huku nikimwombea Mama Chapa aseme hajui. Yeye alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Zangu, bosi," alisema. "Za mdogo wangu huzioni kwa sababu hawezi tena kushika kalamu."