Cheti changu cha mtandaoni na ule mhuri wa bluu

Leo cheti changu halali kimekataliwa, halafu nilipokichafua kikapokelewa. Karatasi ileile!

Mnajua nilivyokisotea. Kozi ya kutunza kumbukumbu kwa kompyuta, yote mtandaoni, nasomea kwenye simu iliyopasuka kioo. Huku kwetu Nduguti mtandao ukigoma napanda juu ya jiwe kama pimbi.

Asubuhi nikaenda kwenye ofisi moja Singida Mjini kuomba kazi. Anayepokea maombi ni mzee mmoja. Nikampa shikamoo, nikampa na cheti.

Akakigeuza. Akakisugua kwa kidole gumba.

"Mhuri uko wapi?"

"Mzee wangu, hiki hakigongwi mhuri. Ukiskani hiyo alama ya pembeni kwa simu, jina langu linatokea."

"Binti, mimi siskani. Bila mhuri hii ni picha tu. Pisha wenzako."

Nimetoka pale machozi yananilenga. Nikamweleza kaka wa steshenari ya hapo nje, aliyeniprintia cheti asubuhi, akanicheka.

"Dada, hilo tu? Unataka wa bluu au wa zambarau?"

Akanigongea mhuri wa duka lake. Umeandikwa kabisa: PICHA ZA PASIPOTI NA KADI ZA HARUSI.

Nikarudi nao hivyohivyo, kwa hasira.

Mzee hata hakuusoma! Akaugusa wino, akatabasamu. "Sasa hiki ndicho cheti."

Nimeitwa kwenye usaili Jumatatu.

Jamani, wakiniuliza kama mimi ni mwaminifu, niwajibu nini?